Baada ya Pazia

Machi 3, Jumatatu

Muhula umefunguliwa na mvua. Paa la ukumbi wetu ni bati tupu, dari hakuna, kwa hiyo masika yakianza sisi watu wa maigizo tunajua tumepata mshindani.

Mwalimu wa Jukwaa, ambaye chuo kizima tunamwita Pazia na mwenyewe anajua, ametangaza kazi za muhula. Mchezo ni mmoja: mwanamke anakataa kutoka kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa. Mwanamke huyo ataigizwa na Kicheko. Meneja wa jukwaa ni mimi.

Kicheko alipiga vigelegele vya watu watatu, akanikumbatia mpaka kalamu yangu ikadondoka. "Wewe! Hata kutabasamu?" Nikamwambia nimefurahi. Nikaenda kukagua viti.

Machi 5

Dada ameniuliza leo, huku anamsuka mteja pale sebuleni, hiyo kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza: naita taa, naita sauti, naita pazia, nahakikisha kila kitu na kila mtu yuko mahali pake kwa wakati wake.

"Kwa hiyo unasimama gizani unawaambia wenzio wawashe taa."

"Ndiyo."

"Na watu wakipiga makofi?"

"Wanawapigia waigizaji."

Yule mteja akacheka mpaka Dada akamshika kichwa kukituliza. "Makubwa haya," Dada akasema. "Baba alilipa karo usimame gizani."

Nilichukua ufagio nikafagia nywele zilizoanguka. Mama alitutoka tukiwa wadogo, Baba katutoka likizo iliyopita, tumebaki wawili, na mtu ukibaki na mmoja tu hugombani naye kila siku. Lakini Dada anajua kazi hii niliianzia wapi. Niliianzia kwenye msiba wa Baba. Watu walikuwa wanalia, mimi nilikuwa napanga viti. Nilipima mlango wa kati kabla jeneza halijaletwa, nikawaambia wabebaji waligeuzie uani, la sivyo lingekwama. Mjomba aliposhika kipaza sauti akasahau kukiachia, nilimpa ishara ya mkono, akamaliza. Pazia alikuwa amekuja kutoa rambirambi. Alinivuta pembeni akaniuliza, "Binti, nani kakufundisha kusimamia shughuli?" Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa sisikii kitu, na mtu asiyesikia kitu mikono yake huwa mitulivu.

Mpaka leo sijalia. Sijizuii. Nikitafuta hilo chozi halipo, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Dada analijua hilo na hajanisamehe.

Machi 11

Leo tumejifunza "kusimama mvua". Ni desturi ya ukumbi huu, sijasikia kwingine. Mvua ikizidi hata hadhira haisikii, meneja wa jukwaa anainua kiganja akiwa pembeni, na waigizaji wote wanaganda walivyo. Aliyekuwa anakaa anabaki nusu hewani, aliyenyoosha kidole anabaki nacho. Fundi Taa anapunguza mwanga kidogo. Hakuna kutoka, hakuna kunong'ona, hakuna kukohoa. Mvua ikipungua nashusha kiganja, na sentensi inaendelea pale ilipokatikia.

Wakati wamesimama, wote wananiangalia mimi. Pazia anasema watazamaji huja msimu huu kwa ajili hiyo tu, kuona watu wakigeuka masanamu.

Kicheko ndiye bora kuliko wote. Msichana asiyeweza kukaa kimya hata akiwa anakula anasimama pale hata kope hapepesi. Fundi Taa, aliye juu kwenye kibanda chake, hutuongelesha kwenye hedifoni kupima nani atacheka. "Meneja, yule kijana mbomoaji mwenye koleo pua inamwasha, namuona. Mungu amsaidie." Sikucheka. "Wewe na ukuta ni mapacha," akaniambia.

Machi 12

Mvua. Tumesimama zaidi ya tulivyoigiza.

Machi 22, Jumamosi

Nimempeleka Kicheko kwao kupimwa gauni. Mama yake ni fundi cherehani, ndiye anayetushonea maleba yote. Kazi yake anafanyia chumba cha mbele, cherehani dirishani, vitambaa mpaka juu ya friji. Miguu imemvimba, anakanyaga pedeli ya cherehani akiwa peku kwa sababu viatu havimwingii tena. Anasema ni figo. Anavyolisema neno hilo ni kama anamtaja jirani msumbufu.

"Meneja wangu! Karibu, karibu, sukuma hayo mashuka ukae. Mbona umekonda? Hapo kwenu hakuna sufuria?"

"Shikamoo Mama. Zipo."

"Marahaba. Basi zina matobo."

Kicheko alicheka mpaka akajikunja. Mama yake akampiga mgongoni kwa futi ya kupimia, "Simama wima, we kiumbe, nitakushonea gauni la kibyongo." Wakaanza kutaniana, huyu anasema shingo ya duara, yule anasema ya pembe, wakapandishiana sauti, wakacheka, wakaanza upya. Mimi nilikaa juu ya mashuka nikiwaangalia. Nilijua kwamba kinachotokea mbele yangu ni kitu kizuri. Nilikijua tu, sikukihisi, kama vile unavyojua kwamba nje kuna jua kwa kuona mwanga chini ya mlango.

Wakati wa kuondoka Mama Kicheko alinishika shavu. "Msiba una zamu zake, mwanangu. Zamu yako itafika. Usiikimbize."

Machi 29

Pazia ameniita ofisini. Kiongozi wa kundi kubwa la maigizo, lile linalozunguka nchi na nje ya nchi, atakuja kutazama onyesho letu la Mei tisa. Anatafuta meneja wa jukwaa msaidizi. Atachukua mmoja kutoka chuoni. "Nimemwambia ninaye," Pazia akasema.

Nikarudi nyumbani kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Naandika hapa ili nisijidanganye: nakitaka kitu hicho. Tangu Baba afariki sijataka kitu chochote, hata chumvi ikikosekana kwenye chakula naona sawa tu. Hiki nakitaka. Kuna mahali duniani ambapo mtu kuwa hivi nilivyo ni sifa, na mahali penyewe ni pale pembeni mwa jukwaa, kwenye giza, umevaa nyeusi.

Nikikikosa kuna duka la Mjomba la vifaa vya ujenzi. Ameshamwambia Dada kwamba kiti cha karani kinanisubiri muhula ukiisha. Mjomba ni mtu mwema. Duka lina dirisha moja, na linatazama ukuta.

Aprili 2

Mazoezi. Ngazi ya jukwaa inalia. Nimeipaka mafuta, imeacha.

Aprili 9

Kijana mwenye koleo ametoka jukwaani katikati ya sehemu ya pili kwa sababu simu ilimtetemekea mfukoni. Alikuwa ni mchumba wake, anauliza amemkasirikia kwa nini. Pazia hakupandisha sauti, hajawahi. Alimwagiza kijana alete kikapu kutoka stoo.

Kuanzia leo simu zote zinaingia kwenye kikapu kabla ya kuanza, kila moja ina kipande cha utepe chenye jina, na kikapu kinakaa mezani kwangu. "Habari za nje hubaki nje mpaka pazia lifungwe," Pazia alisema. "Iwe harusi, iwe msiba, iwe nyumba inaungua. Watu waliolipa kiingilio hawakulipia nyumba yako."

Waigizaji walinung'unika. Mimi nilikubaliana naye, neno kwa neno.

Aprili 14

Nimemsimulia Dada habari ya kikapu, nikidhani itamchekesha. Aliacha kusuka.

"Na mtu akifiwa?"

"Anaambiwa baada ya pazia. Dunia haitageuka kwa saa moja."

"Wewe ndiye utakayekaa na hiyo habari?"

"Ndiyo kazi."

Aliniangalia kwenye kioo, maana alikuwa amesimama nyuma ya mteja. "Mdogo wangu, wewe nakuogopa," akasema. Mteja naye akainamisha macho. Nilikwenda kuosha vyombo. Dada ana maneno makali, wala sikumuelewa.

Aprili 23

Mama Kicheko amelazwa. Hospitali ni ile ya nyuma ya soko, si mbali na chuo. Gauni la bluu la sehemu ya pili limeletwa leo limekunjwa ndani ya foronya. Pindo amelimalizia kitandani, manesi wakimgombeza. Kicheko kalivaa, kazunguka mara moja, kakaa chini akiwa nalo na kunyamaza. Kumuona amenyamaza bila mimi kuinua kiganja ilikuwa ajabu.

Aprili 30

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Fundi Taa anasema hata wazo lake lina ukungu.

Mei 5, Jumatatu

Kicheko alinifuata stoo nikipanga vifaa.

"Hali ya Mama inapanda inashuka," akasema. "Yeye mwenyewe amekataa niache mchezo. Kasema nikiacha atafufuka anichape, na hata hajafa." Alijaribu kucheka. "Shangazi ndiye anayekaa naye. Akipiga wakati tuko jukwaani, pokea wewe. Kama ni la kunitoa, nitoe. Kama si la kunitoa, niache. Wewe ndiye najua hutapaparika. Nakuamini."

"Sawa."

"Sema utanitoa."

"Nitakutoa."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Naandika ili ijulikane kwamba nilimaanisha. Kisha nikaenda kumwambia Pazia, naye akajibu bila kuinua uso kwenye karatasi zake, "Unajua desturi yetu. Na unajua nani anakuja Ijumaa."

Mei 8

Kila kitu kiko mahali pake. Nimelala mchana, usingizi wa kipande.

Mei 9, Ijumaa

Onyesho lilianza alasiri, ukumbi umejaa, shule mbili nzima zimekuja na walimu wao. Mgeni alikaa mstari wa tatu pembeni: mama mwenye nywele fupi, koti la mvua mapajani, hakuliweka chini muda wote. Nilimwona kupitia tundu la pazia, nikaacha kumwangalia.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Kila ishara yangu ilifika kabla mtu hajaihitaji. Fundi Taa alinong'ona kwenye hedifoni, "Meneja, leo unaendesha meli." Mikono yangu ilikuwa mikavu.

Sehemu ya pili, Kicheko akiwa amevaa gauni la bluu na ametoka kuanza yale maneno marefu ya kwenye mlango, simu yake iliwaka ndani ya kikapu. Shangazi. Ikazima. Ikawaka tena. Nilisogeza kipaza sauti cha hedifoni pembeni, nikapokea kwa kunong'ona.

"Mwenzake? Mwambie aje," Shangazi alisema. Alikuwa anahema. "Daktari kasema tumwite. Aje sasa hivi, mwanangu, bado anasikia, bado anamuulizia." Kisha, kabla sijajibu, akasema, "Ongea naye, huyu hapa ni rafiki yake," na simu ikapelekwa mahali pengine, nikasikia pumzi.

Ilikuwa sauti ya Mama Kicheko, ndogo. Aliongea. Nilimsikiliza mpaka alipomaliza. Maneno yenyewe siyaandiki leo.

Shangazi akarudi. "Umesikia? Mnakuja?"

Nikasema, "Tunakuja. Mvua ni kubwa huku, lakini tunakuja."

Mvua ilikuwa haijawa kubwa. Ikawa kubwa nilipokata simu, kana kwamba niliiita. Iliangukia bati lote kwa mara moja, nikaona mdomo wa Kicheko unacheza na sauti haipo. Nikainua kiganja. Wote wakaganda. Kicheko alikuwa amebakiza hatua chache tu kunifikia, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, uso umegeukia upande wangu. Ningenong'ona tu angenisikia. Ningemshika hata gauni.

"Meneja," Fundi Taa akasema sikioni. "Nimesikia. Hukuzima kipaza sauti chako. Mwambie."

"Punguza mwanga."

"Nimeshapunguza. Mwambie sasa, tumesimama tayari, nani atajua? Tunafunga pazia, tunasema mvua."

Hilo lilikuwa kweli. Hadhira ingesema mvua. Hata mgeni angesema mvua. Mlango wa nyuma uko hapo, gari la chuo liko uani, hospitali iko nyuma ya soko. Nililiona lote hilo kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho, kama ninavyoona onyesho kabla halijaanza. Kicheko alikuwa ananiangalia, kama wote wanavyoniangalia mvua ikinyesha. Nilitafuta ndani yangu kitu cha kunishusha mkono na kunifanya nitembee zile hatua. Hakikuwepo. Kilichokuwepo ni ukurasa uliofuata, na mama mwenye koti mapajani mstari wa tatu.

"Baada ya pazia," nikasema. "Ishara inayofuata, jiandae."

Fundi Taa akasema, "Nimejiandaa," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mvua ilitusimamisha muda mrefu kuliko siku zote. Ilipopungua nilishusha kiganja, na Kicheko akaendelea na neno pale pale lilipokatikia, hakukosea hata herufi. Watoto wa shule walishangilia. Mchezo ukaenda mpaka mwisho. Nyumba ikabomolewa ilivyopangwa, vumbi likapanda lilivyopangwa. Pazia likafungwa, likafunguliwa wakainama, likafungwa.

Ndipo nikamwambia: "Shangazi amepiga. Twende."

Alikimbia na gauni mwilini. Nilikwenda naye. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, viatu vya Mama Kicheko vile visivyomwingia viko kwenye mapaja yake. Alituona, akatikisa kichwa. Mama Kicheko alikuwa ametutoka punde tu.

Kicheko alianguka chini pale korido na gauni la bluu lote tope. Nilimpisha nesi. Nilichukua viatu kutoka kwa Shangazi kwa sababu vilikuwa vinataka kudondoka.

Mei 10

Pazia na mgeni walinisubiri ofisini asubuhi. Pazia alikuwa amemsimulia kila kitu, kwa fahari. "Alipokea simu ya msiba katikati ya sehemu ya pili, na hakuna taa hata moja iliyochelewa."

"Haikuwa ya msiba," nikasema. "Alikuwa bado hai."

Mgeni alinitazama kidogo. "Wewe umeonaje? Ulifanya sawa?"

"Onyesho lilikwenda sawa."

"Hilo niliona." Alivaa koti lake. "Tunaondoka mwisho wa mwezi. Njoo Jumatatu ya tarehe kumi na tisa, nyaraka zitakuwa tayari."

Akatoka. Nimepata. Nilikaa nikingoja furaha, nayo labda ilipotea njia. Pazia akaninong'oneza kama mzazi: "Yule binti hajui saa ya simu, na hakuna haja ajue. Akijua, italetwa malalamiko, na nafasi itaota mbawa. Umenielewa? Ni kwa faida yenu nyote wawili."

Nilielewa. Miaka miwili nilikuwa namuona mtu huyu kama nguzo. Leo niliona tu mzee anayenyoosha rundo la karatasi ambalo tayari limenyooka.

Mei 12

Tumemzika Mama Kicheko. Waliniomba nipange viti kwa sababu wanajua naweza. Nikapanga.

Kicheko aliponiona alinikumbatia, bila sauti. "Ahsante kwa kunikimbiza siku ile," akasema. "Shangazi anasema ni mvua ndiyo ilituchelewesha. Mimi naichukia hii mvua." Kisha akasema, "Kitu kimoja tu kinaniua. Kwamba aliondoka bila kuniachia neno. Mtu msemaji kama yule."

Shangazi alikuwa amelala chumba cha ndani, ameshindwa kusimama, hakumbuki hata aliongea na nani. Kwa hiyo neno hilo duniani analo mtu mmoja.

Nilisema, "Pole sana." Nikarudi kwenye viti.

Mei 13

Nimefua maleba. Gauni la bluu lilirudishwa kwenye mfuko wa plastiki na tope lake. Nilipokuwa nakamua upande wa kushoto kitu kilinichoma kidole gumba. Sindano, ndani ya pindo, na uzi wake bado uko.

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Sikulia. Lakini nilisikia maumivu, pale kidoleni, kisha hayakubaki kidoleni. Nilisikia uchungu. Naliandika neno hili kwa sababu sijaliandika humu tangu nianze. Niliogopa kiasi kwamba nilimwita Fundi Taa, aliyekuwa anakunja waya ukumbini.

Alikuja, akasimama mlangoni. Hajaniongelesha tangu Ijumaa.

"Hata mimi nilikuwa na mdomo," akasema baada ya kuniangalia. "Ningewasha taa zote. Ningeshuka ngazi. Nilisema nimejiandaa." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Utamwambia?"

"Nikimwambia neno, atajua niliambiwa lini."

"Ndiyo."

"Nitakosa nafasi. Na yeye nitamkosa."

"Ndiyo," akasema tena. Hakuwa na utani wowote.

Mei 14, Jumatano

Asubuhi nilimwambia Dada yote, amesimama, ana kitana mkononi. Nilitegemea aseme nilikuambia. Hakusema. Aliniuliza, "Unaumwa?" Nikamjibu ndiyo. Akaniwekea mkono kichwani, kama anavyowawekea wateja, lakini hakusuka chochote. "Basi nenda ungali unaumwa. Ukipoa hutakwenda."

Nilikwenda. Kicheko alikuwa chumba cha mbele peke yake, anakunja vitambaa vya wateja ili virudishwe. Shangazi kalala. Nilibaki nimesimama.

"Mama yako aliongea na mimi kwenye simu," nikasema. "Aliacha neno."

Aliacha kukunja. "Lini?"

"Ijumaa. Kabla tu mvua haijatusimamisha."

Niliona anahesabu. Kichwani alirudi jukwaani, akasimama tena mlangoni kwa gauni la bluu, akatafuta ilikuwa saa ngapi, akalinganisha na korido ya hospitali.

"Wakati nimesimama pale, wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Najua."

"Ulisema utanitoa."

"Nilisema."

"Ningemkuta."

Ningeweza kusema labda. Watu wote husema labda, ndilo neno la msibani. "Ungemkuta," nikasema.

Nilingoja kofi. Ningelipokea, hata ningeshukuru. Kicheko aliketi kwenye stuli ya cherehani, mgongo umenyooka, mikono magotini. "Nitamwambia kila mtu," akasema. "Chuo kizima. Na yule mama wa kundi."

"Waambie."

"Haya. Alisemaje?"

Nikamwambia. "Alisema kwenye pindo la gauni, upande wa kushoto, amesahau sindano, usije ukachomwa. Na kwamba uende, lakini uvue gauni kwanza, utalichafua na mvua."

Alikunja uso kama mtu aliyeonjeshwa kitu kisicho chenyewe. "Sivyo. Hayo ni maneno yako. Mama haongei hivyo. Sema alivyosema yeye."

Mimi si mwigizaji. Sijawahi kusimama mbele ya mtu nikasema neno lisilo langu, kazi yangu ni gizani. Lakini niliisikiliza ile simu mpaka mwisho, nami sisahau nilichosikia, hata pumzi sisahau. Nikasema taratibu, kwa sauti ile ndogo, na zile pumzi mahali pake:

"Mwambie huyo kiumbe... kwenye pindo, mkono wa kushoto... nimesahau sindano. Mimi na uzee wangu. Asije akachomwa. Aje... Mwambie aje. Lakini avue kwanza, we, na mvua hii, gauni la watu."

Kicheko alifumba macho.

"Tena," akasema.

Nikasema tena.

"Pale kwenye 'aje'. Alisema mara mbili?"

"Mara mbili."

"Ya pili ilikuwaje?"

"Ya pili ilikuwa chini zaidi."

"Tena."

Nikasema tena, na tena, sijui mara ngapi. Nje ilikuwa imeanza kunyesha, akanyanyuka akafunga dirisha ili asikie vizuri, akarudi akaketi. Nilipofika kwenye ile "aje" ya pili sauti ilinikatika, machozi yakanitoka yote kwa pamoja, ya Mama Kicheko na ya Baba, nisijue yapi ni yapi, nikashindwa hata kuvuta pumzi.

"Usilie," Kicheko akasema, macho bado ameyafumba. "Unamharibu. Sema tena."

Nikajifuta uso kwa mkono wa shati, nikasema tena.